Nirudishe au nibaki nacho? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bidhaa ulizoagiza ukiwa nyumbani

Maswali haya ni ya watu walionunua kitu bila kukishika: kwa runinga, kwa katalogi, kwa simu au mtandaoni. Ya kila siku yako mwanzo, yanayowakuta wachache yako mwisho. Kama kifurushi kiko mezani na siku zinakatika, anza na sehemu ya pili.

## Mambo ya msingi

Nina haki ya kurudisha kitu kwa sababu tu sikukipenda?

Mara nyingi ndiyo, lakini ujue haki hiyo unaipata wapi. Kuna sheria ya nchi, na kuna masharti ya muuzaji mwenyewe.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyopitishwa mwaka 2011 inampa mnunuzi siku 14 za kughairi ununuzi wa mbali bila kueleza sababu. China ina siku 7 kwa bidhaa nyingi za mtandaoni tangu sheria yake ya walaji iliyorekebishwa ianze kutumika mwaka 2014. Brazili nayo ni siku 7, kwa sheria ya 1990, na Afrika Kusini ni siku 7 kwa manunuzi ya kielektroniki, kwa sheria ya 2002. Marekani mambo ni tofauti: kanuni ya shirikisho ya siku 3 inawahusu wauzaji wanaokufuata nyumbani au wanaouzia kwenye kumbi za muda, na haigusi ulichoagiza mtandaoni, kwa posta au kwa simu. Huko unayoyategemea ni masharti ya muuzaji.

Masharti ya muuzaji yanaweza kukupa zaidi ya sheria. Hayawezi kukunyima kile ambacho sheria imekupa, hata kama yameandikwa kwa herufi kubwa nyekundu kwamba "mali ikiuzwa hairudi".

Kwa nini muuzaji akubali kurudishiwa kitu kizima?

Kwa sababu bila ahadi hiyo wengi wasingenunua. Hakuna anayependa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aaron Montgomery Ward, aliyeanza kuuza kwa katalogi ya posta huko Chicago mwaka 1872, alilijua hilo mapema: mwaka 1875 alianza kuahidi kumrudishia pesa mteja asiyeridhika. Stesheni za mauzo ya runinga zilipoenea Marekani katika miaka ya 1980, na baadaye maduka ya mtandaoni, wateja waliitegemea ahadi ya namna hiyohiyo.

Gharama ya bidhaa zitakazorudi imeshapigiwa hesabu ndani ya bei. Ndiyo maana sielewi anayesema anaona aibu kurudisha kitu kizima ndani ya muda. Huombi fadhila, unatumia kitu ulichokwisha kukilipia.

Siku zinaanza kuhesabiwa lini?

Hapa wengi wanakwama. Kwa sheria ya Ulaya, siku 14 zinaanza ulipopokea mzigo, na kama oda moja imekuja kwa vifurushi kadhaa, zinaanza ulipopokea cha mwisho. Ndani ya siku hizo unatakiwa kumwarifu muuzaji kwamba umeghairi, halafu una siku nyingine 14 za kuutuma mzigo.

Masharti ya wauzaji binafsi hayafuati utaratibu mmoja. Wapo wanaohesabu tangu siku ya kuagiza, wapo wa tangu mzigo ulipotoka stoo. Tena kuna wanaotaka mzigo uwe *umewafikia* kabla ya siku ya mwisho, ambapo "siku 30" zinaweza kubaki 20 ukitoa siku za njiani za kuja na kwenda. Tafuta maneno hayo mahususi: tangu lini, na mpaka nini kiwe kimetokea.

Kuna tofauti gani kati ya kitu nisichokipenda na kitu chenye kasoro?

Ni mambo mawili mbalimbali, na ukiyachanganya unajipunja. Kitu kizima usichokipenda kina muda mfupi, na mara nyingi gharama ya kukirudisha ni yako. Kitu kibovu, pungufu au tofauti na kilichotangazwa ni kosa la muuzaji: gharama ni yake na muda ni mrefu zaidi. Katika Umoja wa Ulaya dhamana ya kisheria dhidi ya kasoro ni miaka 2 kwa uchache. Uingereza, sheria ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukikataa kabisa kitu chenye kasoro na kudai pesa yake yote, na baada ya hapo bado anaweza kudai kitengenezwe au kibadilishwe.

Kwa hiyo unapojaza fomu ya kurudisha, usichague "nimebadilisha mawazo" kwa sababu ndiyo iliyo juu kwenye orodha. Kama zipu haifungi, andika zipu haifungi.

## Kuamua

Mzigo umefika na sina uhakika. Nianzie wapi?

Andika tarehe ya mwisho ya kurudisha juu ya boksi, kwa kalamu nene, halafu liache mahali unapopita kila siku. Usiliweke kabatini. Likishaingia kabatini uamuzi umeshafanyika, ila hukuufanya wewe.

Kisha jiulize: kama kitu hiki kisingekuwa hapa, na pesa yake ningekuwa nayo mkononi leo, ningekiagiza tena? Usijiulize kama kinaweza kukufaa, maana karibu kila kitu kinaweza kumfaa mtu siku moja. Wala usijiulize kama ni kizuri, maana kinaweza kuwa kizuri na kisiwe chako.

Ukijibu "hapana" bila kusita, nenda sehemu ya nne ukifunge. Ukijibu "ndiyo, lakini", sikiliza kinachofuata. "Ndiyo, lakini ningechukua rangi nyingine" maana yake ubadilishe. "Ndiyo, lakini kwa nusu ya bei" maana yake hapana.

Nimekilipia pesa nyingi. Si hasara kukiachia?

Hasara ni kubaki na kitu usichokitumia wakati pesa yake bado inaweza kurudi. Tatizo ni kwamba moyo hauhesabu hivyo. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani Hal Arkes na Catherine Blumer waliwafuatilia watu walionunua tiketi za msimu za tamthilia, baadhi kwa bei kamili na baadhi kwa punguzo walilopewa bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi, ingawa tamthilia zilikuwa zilezile na wote walikuwa wameshalipa. Pesa iliyotoka ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma.

Nyumbani msukumo huo unajitokeza kama kulazimisha matumizi. Unavaa mara mbili viatu vinavyobana ili "visiende bure", na mara hizo mbili ndizo zinazokunja ngozi na kuchafua soli. Sasa huwezi hata kuvirudisha. Wenye tiketi angalau walikuwa na udhuru, maana pesa yao isingerudi. Yako inaweza kurudi mpaka tarehe iliyo juu ya boksi.

Sikitaki kabisa, lakini kuachana nacho kunaniuma. Kwa nini?

Kwa sababu kimeshakuwa chako. Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha mwaka 1990 majaribio maarufu ya vikombe: watu wengine walipewa kikombe, wengine hawakupewa. Waliopewa walidai, ili wakiuze, takriban mara mbili ya kile ambacho wasio nacho walikuwa tayari kukilipa. Kikombe kilikuwa kilekile, na walikuwa wamekimiliki kwa muda mfupi tu.

Wauzaji wanalijua hili. "Kijaribu nyumbani, usipokipenda kirudishe" ni ofa ya kweli, na pia ni njia ya kukifanya kizoeleke. Dawa ninayoiamini ni kukirudisha ndani ya boksi lake, kulifunga bila kubandika selotepu, na kukaa bila kitu hicho kwa siku mbili tatu. Kama hakuna mara ambayo mkono umekitafuta, umepata jibu.

Kilikuwa na punguzo kubwa ambalo sitalipata tena. Nibaki nacho?

Punguzo lilikuwa sababu ya kununua. Si sababu ya kubaki nacho. Kumbuka pia ulivyonunua: saa inayorudi nyuma pembeni mwa skrini, hesabu ya "zilizobaki", sauti ya mtangazaji ikipanda. Vyote hivyo vimetengenezwa ili uamue kabla hujafikiri. Muda wa kurudisha ndio muda wa kufikiri uliokosa siku ile. Lakini angalia jambo moja: bidhaa za punguzo la mwisho wakati mwingine zina masharti yake peke yake, kwa hiyo hakikisha kabla ya kufunga mzigo.

Kitanitosha nikipungua kidogo. Nikiweke?

Hapana. Nunua nguo ya mwili ulionao.

Niliagiza saizi mbili ili nichague moja. Kuna ubaya?

Kwa mnunuzi hakuna ubaya, mradi ile ya pili ikarudi kweli. Ninachokiona ni kwamba saizi ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa mtu ameshapata alichotaka na furaha imeshaisha. Ifunge siku hiyohiyo. Ukiwa na tabia hii kila mara, soma swali la kufungiwa akaunti katika sehemu ya mwisho.

Ni lini kurudisha hakulipi?

Jumlisha gharama ya kutuma, makato ya muuzaji kama yapo, na muda wako wa kufunga, kusafiri na kufuatilia. Toa jumla hiyo kwenye pesa utakayorudishiwa. Kikibaki kidogo ambacho usingeinama kukiokota, acha kurudisha.

Kuacha kurudisha hakuna maana ya kubaki nacho. Kiuze, kigawe, kipeleke kwa anayekihitaji, wiki hiyohiyo. Kitu cha bei ndogo kinachokaa miaka mitatu kwenye rafu kimekula nafasi, na kila ukikiona kinakukumbusha. Bidhaa nzito na kubwa, kama samani na vifaa vya mazoezi, ndizo zinazoshangaza watu hapa: kilichokuja bila malipo ya usafiri kinaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei yake kukirudisha. Ukitaka kuagiza kitu cha namna hiyo, soma gharama ya kukirudisha kabla ya kusoma bei.

Nilikikusudia kiwe zawadi, lakini siku ya kukitoa iko mbali. Muda utaisha. Nifanyeje?

Mwulize muuzaji kama ana muda mrefu kwa zawadi. Wengi huongeza nyakati za sikukuu. Kama hana, kifungue na ukikague sasa, usingoje mpokeaji agundue kasoro miezi miwili baadaye. Risiti uihifadhi.

## Kufungua na kujaribu

Nikikifungua, bado naweza kukirudisha?

Kwa kawaida ndiyo. Kipimo ni kile ambacho ungekifanya ukiwa dukani. Dukani ungevaa kiatu ukatembea hatua chache kwenye zulia. Usingetoka nacho barabarani. Ungelivaa gauni mbele ya kioo, usingekata lebo. Pasi ya mvuke ungeiinua, ukaona uzito wake na urefu wa waya, ukabonyeza vitufe. Usingeijaza maji ukapiga nguo. Tangi likishaingia maji, matone hubaki kwenye matundu ya chini hata ukililaza kichwa chini usiku kucha, na anayekagua stoo anayaona mara moja.

Ukizidisha kiwango hicho, haki haifutiki moja kwa moja kila mahali. Chini ya sheria ya Ulaya muuzaji anaruhusiwa kupunguza pesa kulingana na thamani iliyopungua. Kwa masharti ya kibiashara pekee, anaweza kukataa kabisa.

Nguo zijaribu bila manukato, bila vipodozi na mbali na jikoni. Harufu ni sababu ya kukataliwa ambayo mwenyewe huinusi.

Nimeshatupa boksi. Ndiyo basi?

Si lazima. Wengi wanakubali boksi lingine imara, hasa kwa nguo na vyombo. Vifaa vya kielektroniki ni vigumu zaidi, kwa sababu boksi lake lina namba ya utambulisho na vishikizo vya ndani vinavyozuia kifaa kisigongwe. Mwulize muuzaji kabla ya kutuma, na jibu lake liwe la maandishi. Safari ijayo, weka maboksi mpaka tarehe ipite.

Ni vitu gani havirudishwi?

Vinavyojirudia kwenye sheria na masharti ya wengi: vilivyotengenezwa kwa vipimo au jina lako, vinavyooza haraka, magazeti na majarida, programu na diski zilizofunguliwa muhuri, na vitu vya afya au usafi vilivyotolewa kwenye muhuri wake. Vipodozi, hereni na nguo za ndani huangukia hapo.

Neno "usafi" lakini halina mipaka ambayo kila muuzaji anataka kuipa. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba godoro lililovuliwa nailoni yake ya kinga bado linaweza kurudishwa, kwa kuwa linaweza kusafishwa na kuuzwa tena, sawa na nguo iliyojaribiwa mwilini. Ukiambiwa "hiki hakirudi kwa sababu za kiafya", uliza ni kifungu gani.

Nguo za kuogelea zina kile kipande cha nailoni kilichobandikwa kwa ndani. Jaribu juu ya nguo yako ya ndani na usikibandue. Kikitoka, mara nyingi mazungumzo yameisha.

## Kurudisha kwenyewe

Nifanye nini kabla ya kuutuma mzigo?

Kwanza mwarifu muuzaji kwa maandishi na upate namba ya kurudisha, kama anatumia. Mzigo unaofika stoo bila namba unaweza kukaa pembeni wiki kadhaa bila mtu kujua ni wa nani.

Kisha piga picha: kitu chenyewe pande zote, namba yake ya utambulisho, kilivyokaa ndani ya boksi, na boksi lililofungwa lebo ikisomeka. Ng'oa au futa lebo ya zamani, maana mashine za kuchambua mizigo zinaweza kusoma msimbo wa kale na kukurudishia mwenyewe. Tumia njia yenye namba ya kufuatilia mzigo, na risiti ya kutuma usiitupe mpaka pesa iwe imeingia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni picha tano na karatasi moja.

Nani analipa gharama ya kutuma?

Kitu kizima: mara nyingi ni wewe, isipokuwa muuzaji ameahidi vinginevyo. Kitu chenye kasoro au kilichokosewa: muuzaji. Katika Umoja wa Ulaya, muuzaji ambaye hakukuambia mapema kwamba gharama hiyo ni yako anaibeba mwenyewe. "Bure" nayo ichunguze. Wapo wanaokupa lebo ya bure halafu wanakata gharama yake kwenye pesa inayorudi.

Pesa inarudi lini, na itakuwa kamili?

Kwa sheria ya Ulaya, ndani ya siku 14 tangu ulipoarifu kwamba umeghairi, ingawa muuzaji anaruhusiwa kusubiri mpaka apokee mzigo au uthibitisho kwamba umeutuma. Anatakiwa kurudisha pia gharama ya kawaida ya kukuletea. Ile nyongeza ya kuletewa haraka hairudi. Ukirudisha kwa masharti ya muuzaji pekee, ya kuja na ya kwenda yote yanaweza kuwa yako.

Angalia pia makato ya kurudisha stoo, ambayo ni ya kawaida kwa vifaa vya kielektroniki na samani kwenye maduka ambayo sheria haiyakatazi. Yaingize kwenye hesabu ya swali la "Ni lini kurudisha hakulipi?"

Wananipa vocha badala ya pesa. Nikubali?

Kama sheria inakupa pesa, dai pesa kwa njia uliyolipia. Kama ni hisani ya muuzaji baada ya muda kupita, vocha ni bora kuliko kukosa vyote, mradi ni duka ambalo ungenunua kwake hata hivyo. Soma tarehe ya mwisho ya vocha. Vocha nyingi huzaa ununuzi wa pili wa harakaharaka, na hapo utajikuta unasoma tena sehemu ya pili.

Kilikuja na zawadi ya bure. Nayo irudi?

Karibu kila mara, ndiyo. Usipoirudisha, thamani yake inaweza kukatwa.

## Yasiyo ya kila siku

Muda umepita kwa siku chache. Kuna tumaini?

Andika leo, si wiki ijayo. Sema ukweli kwa ufupi: uliagiza lini, kilifika lini, hakijatumika, unaomba kukirudisha hata kwa vocha. Mhudumu mara nyingi ana ruhusa ya kuongeza siku chache, na anaitumia kwa anayeongea kwa adabu. Kama mzigo ulichelewa njiani, weka ushahidi wa tarehe ya kupokea. Na kama uko Ulaya na muuzaji hakuwahi kukuarifu kuhusu haki ya kughairi, muda unaongezeka kwa hadi miezi 12.

Muuzaji anasema nibaki nacho na atanirudishia sehemu ya pesa. Nikubali?

Inategemea kosa ni la nani. Kama kitu ni kizima na unaweza kukitumia, punguzo hilo ni kama bei mpya: lipime kwa swali lilelile la mwanzo. Kama ni kibovu, tahadhari. Kuna wauzaji wanaoanza na asilimia 10, ukikataa 20, ukikataa 30, na siku zinapita. Andika mara moja: "Naomba kurudisha na kulipwa pesa yote." Usijibu ofa moja moja. Ukikubali sehemu, mara nyingi umefunga dai.

Tofauti na hiyo, wapo wanaokurudishia yote na kusema usihangaike kukituma. Hilo hutokea gharama ya kukisafirisha inapozidi thamani yake. Hifadhi ujumbe wao.

Nimeletewa kitu ambacho sikuagiza.

Angalia kwanza kama hakuna mtu wa nyumbani aliyeagiza, na kama kadi yako haijakatwa. Ikiwa kweli hukuagiza, katika Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya sheria haikulazimishi kukilipia. Kama jina na anwani ni za jirani, huo ni mzigo uliopotea njia, upeleke.

Vifurushi vidogo visivyo na maelezo, vyenye jina na anwani yako sahihi, vinaweza kutoka kwa wauzaji wanaotengeneza oda za uongo ili wajiandikie maoni mazuri. Badilisha nywila zako, na usiskani msimbo wowote uliowekwa ndani ya kifurushi hicho.

Anwani ya kurudisha iko nchi nyingine.

Hapa ndipo ninaposhauri kusita zaidi. Gharama ya kutuma ni kubwa, na mzigo unaweza kutozwa ushuru unapoingia kule kama bidhaa mpya. Kwenye fomu ya forodha andika wazi kwamba ni bidhaa inayorudishwa kwa muuzaji, na uambatishe nakala ya ankara. Kama ushuru na kodi ulivilipa wakati wa kupokea, uliza mamlaka ya forodha ya nchi yako kama vinarudishwa. Muuzaji hawezi kukurudishia kodi iliyokwenda serikalini.

Kifaa kina betri au taarifa zangu.

Toka kwenye akaunti zako zote, futa kila kitu na ukirejeshe kama kilivyotoka kiwandani. Simu ambayo bado imefungwa kwa akaunti yako itarudishwa au itakaa bila kulipwa. Toa kadi ya simu na kadi ya kumbukumbu, zinasahauliwa mno.

Betri ya lithiamu iliyovimba au kuharibika hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege. Usiifunge kimyakimya. Mweleze muuzaji, akuelekeze.

Nimerudisha, muuzaji anasema hajapokea.

Mtumie namba ya kufuatilia mzigo na picha ya risiti, mpe tarehe ya mwisho ya kujibu. Ikipita, na kama ulilipa kwa kadi, omba benki yako ipinge malipo hayo. Benki nazo zina muda wao, kwa hiyo usikae miezi ukimbembeleza muuzaji.

Nikirudisha mara kwa mara naweza kufungiwa akaunti?

Ndiyo. Wauzaji wakubwa wanafuatilia kiwango cha kurudisha cha kila mteja, na baadhi hufunga akaunti au kuondoa huduma ya kurudisha bure. Wanaolengwa zaidi ni wanaovaa kisha wanarudisha. Anayerudisha vitu vizima kwa sababu zinazoeleweka hana la kuogopa sana, ila kama robo tatu ya unachoagiza inarudi, tatizo liko kwenye kuagiza. Acha bidhaa kwenye kikapu usiku mmoja kabla ya kulipa.

Vikirudi vinakwenda wapi?

Vinavyofika vizima na kwa haraka hurudi rafuni. Vingine huuzwa kama vilivyofunguliwa, au kwa jumla, boksi zima kwa mnunuzi asiyejua kilichomo. Vingine huharibiwa, kwa sababu kuvikagua, kuvisafisha na kuvifunga upya kunagharimu zaidi ya thamani yake. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuzuia kuharibu bidhaa zisizouzwa ambazo si chakula, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inazikataza kampuni kubwa kuharibu nguo na viatu visivyouzwa kuanzia Julai 2026, vikiwemo vilivyorudishwa na wateja walioghairi.

Kwa hiyo ukiamua kurudisha, rudisha mapema na kikiwa safi, lebo ikiwa mahali pake na nyaya zote zikiwemo. Koti linalorudi baada ya siku tatu linauzwa msimu huohuo. Likirudi siku ya mwisho, limekunjamana na kitufe kimoja hakipo, huenda lisiuzwe tena.